Spidirani ya San Andreas hapa Tanga: muda wa mchezaji na muda wa mashine

Kwa asiyejua, spidirani ni kushindana kumaliza gemu, au kipande cha gemu, kwa muda mfupi kuliko wenzako. Basi. Hamna goli wala mpinzani mbele yako, ni wewe na saa. Na kwa vile saa ndo refa peke yake, saa ikiwa na walakini shindano lote linakufa, watu wanaanza kuitana wezi, na mi nimeshaona washkaji waliokulia mtaa mmoja hapa Makorora wanapishana njiani bila salamu kisa sekunde za San Andreas.

Tunacheza GTA San Andreas kwa sababu ndo gemu ambalo kila mtu analo. Lilitoka kwenye PlayStation 2 mwaka 2004, likaja kwenye kompyuta 2005, mwishoni mwa 2013 likafika simu za Android. Ukizunguka Tanga leo unalikuta kote huko: PS2 kwenye mabanda ya gemu Ngamiani, laptop za wanachuo, simu za madogo wanaocheza wakiwa kwenye foleni ya chapati. Ndo raha yake, kila mtu anaingia bila kununua kitu. Na ndo ugomvi wetu wote ulipotokea, maana mashine hizo hazilingani hata kidogo.

Gemu zima ni refu sana kwa shindano la jioni, kwahiyo tulichukua kipande cha mwanzo: CJ, ndo mtu unayemchezesha, anapotupwa kichochoroni na kupata baiskeli, unapita misheni ya Big Smoke, unaenda kwa Ryder (kinyozi na pizza), unamaliza na Tagging Up Turf ile ya kupuliza rangi ukutani. Kwa mtu anayejua njia ni dakika kumi na kitu. Kipande kifupi, ila ndani yake kuna karibu kila aina ya utata wa muda unaoweza kuufikiria, na mengi ninayoyajua kuhusu haya mambo nimeyajulia humo.

Mwanzo saa ilikuwa simu. Mtu mmoja anakaa pembeni na stopuochi, anaanzisha, anasimamisha. Kidole cha binadamu kinachelewa kama sehemu mbili za kumi za sekunde, na huyo mwenye kidole ni mshabiki vilevile, anashangilia, anasahau kubonyeza. Hilo ni dogo na lilitibika mapema, tukakubaliana kila mbio irekodiwe video na muda utolewe kwenye video, sio kwenye kidole cha mtu.

Balaa lilianza siku dogo mmoja wa banda, yule ambaye hana PS2 nyumbani, anacheza kwa kulipia jero jero, alipotoa 14:20 halafu kaka mmoja wa Chumbageni akaleta 13:31 kwenye laptop. Watu wakampongeza kaka, mambo yakaisha. Dogo hakupiga kelele, akasema tu, "Kaka, mi nimesubiri skrini nyeusi, we hujasubiri." Akanyamaza.

Video zote mbili tulikuwa nazo. Kuna dada kwenye kundi letu anasoma uhasibu, huyu ana subira ambayo mi sina, akazifungua zote kwenye laptop moja akaanza kujumlisha kila sehemu ambayo gemu lilikuwa linaload, yaani linajipakia, na mchezaji hana la kufanya. Kuingia kwa kinyozi, kutoka, kuingia kwenye pizza, kutoka, kila kikatuni (vile vipande vya hadithi unavyotazama tu) kinapoanza na kuisha. Kwa dogo ikaja 1:35. Kwa kaka wa laptop ikaja 0:38. Sasa toa: dogo 12:45, kaka 12:53. Yaani kwa muda ambao pedi ilikuwa mkononi na gemu linasikiliza, dogo alikuwa mbele kwa sekunde nane, ila lenzi ya PS2 ya banda imechoka, inasoma CD kwa kubembelezwa, na ule uchovu wa lenzi tumeuandika kwenye jina la mtoto wa watu.

Chukua watu wawili wanakimbia toka Ngamiani kwenda Raskazone, mmoja akafungiwa geti la reli treni ipite. Ukitaka kujua nani ana mbio, utamhesabia na ile dakika ya geti?

Kuanzia hapo msimamo wangu haujabadilika: kazi ya anayepima ni kutenganisha muda wa mchezaji na muda wa mashine. Muda wa mchezaji unaandikwa. Muda wa mashine unatolewa kama unatoleka, na kama hautoleki basi hizo mashine hazikai safu moja. Maneno rahisi sana, utekelezaji wake ndo umetula kichwa.

Wenzetu duniani wana namna tatu za kupima. Ya kwanza ni saa ya ukutani, unaanza unamaliza, kila kitu kimo. Ya pili ni saa hiyohiyo ukatoa loding. Ya tatu ni saa ya ndani ya gemu lenyewe, kama gemu linayo. Kwenye kompyuta namna ya pili ni nyepesi, kuna programu ya bure inaitwa LiveSplit, ukiiwekea kiskripti cha hilo gemu inachungulia kwenye memori ya kompyuta, ikiona gemu limeingia kwenye loding inasimamisha saa, likirudi inaendelea. Safi. Lakini PS2 haichunguliwi hivyo, kwahiyo upande wa PS2 ni macho na video, fremu kwa fremu, yaani zile picha moja moja zinazounda video. Na ukisema macho na video, sasa inabidi uulize video gani.

Hapa nisimame kidogo maana watu wengi wanapaona padogo. Video ya simu sio kipimo kama unavyodhani. Simu nyingi hazirekodi fremu kwa mwendo mmoja, ikiandikwa 30 kwa sekunde maana yake ni kama 30, zinapanda zinashuka. Na banda la gemu lina giza, simu ikiona giza inavuta mwanga kwa kupunguza fremu, unakuta zinashuka chini kabisa kwenye sehemu ambazo gemu lenyewe lina skrini nyeusi. Ukihesabu fremu ukagawanya kwa 30 unapata namba ya uongo kabisa, dawa ni kusoma alama ya muda ya kila fremu. Halafu mtu akituma kwa WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa, picha inavurugika, mpaka uje uone "Mission Passed" imetokea fremu ipi macho yameuma. Sharti letu ikawa video itumwe kama faili, au iletwe kwa fleshi.

Na TV za chogo. Mabanda mengi bado yanazo, na mi nazipenda, pedi inajibu haraka kuliko flat nyingi za bei rahisi. Ila ukiirekodi kwa simu inakuja na ile mistari inayotambaa kwenye skrini, picha inachorwa mara 50 kwa sekunde na simu inapiga 30, haziendani. Kwenye mistari hiyo huwezi kusema skrini imekuwa nyeusi fremu hii au ile. Tulichofanya ni kugawa waya za AV, ile njano na wenzake, upande mmoja unaenda kwenye TV na mwingine kwenye EasyCap, kile kidude cha USB cha kuingiza picha kwenye laptop. Picha za PAL, mfumo wa TV zetu, zinaingia 25 kwa sekunde, nusu ya zile 50 maana zinaunganishwa mbili mbili, maana yake fremu moja ni sehemu 4 za mia za sekunde. Sio kali sana, lakini ni ileile mwanzo mpaka mwisho na haitegemei mwanga wala mkono wa mtu.

Kutokana na hiyo 25 tukaweka kanuni ambayo ni kati ya ninazozipenda zaidi: huwezi kugombania kitu kidogo kuliko kipimo chako. Mwenye laptop anarekodi fremu 60 kwa sekunde, anataka aandikiwe mpaka elfu za sekunde, mwenye PS2 ana 25. Ukiwaandika hivyo pamoja unampa mmoja usahihi ambao mwenzie hana. Kwahiyo tunaishia sehemu moja ya kumi, na wakilingana hapo wameshinda wote wawili, majina yote yanakaa juu. Kuna mtu aliona hiyo ni kukwepa kuamua. Mi naona ni kutokusema usichokijua.

Wapi saa ianze nalo ni suala. Mwanzo ilikuwa unapobonyeza New Game, lakini pale ndo kuna loding kubwa kuliko zote, kwahiyo tukahamia fremu ya kwanza ambayo ile ramani ya duara kwenye kona ya chini inatokea na CJ anaweza kutembea. Mwisho ni fremu ya kwanza ambayo maandishi ya Mission Passed yanaonekana. Loding inahesabiwa toka fremu ya kwanza nyeusi kabisa mpaka ya kwanza isiyo nyeusi. Vitu vinavyoonekana kwa macho ya yeyote, asije mtu akasema dada wa uhasibu ana upendeleo.

Watu wanauliza je ucheleweshaji wa TV? Flat inachelewesha picha, si inaongeza muda? Hapana. Kama mwanzo na mwisho vyote vimechukuliwa kwenye picha ileile, ucheleweshaji uko pande zote mbili unajifuta. Inachokuumizia flat ni mikono, sio saa.

Sasa tukaja kwenye kitu kigumu kuliko vyote, loding isiyo na skrini nyeusi.

San Andreas ni ulimwengu mmoja unaopakuliwa huku unaendesha. Ukienda kasi, mashine inavuta nyumba, barabara na magari yaliyo mbele yako kabla hujafika. PS2 inasoma DVD (ndo hiyo mtaani tunaiita CD) kwa 4x, kama megabaiti 5 kwa sekunde lenzi ikiwa nzima. Lenzi ikichoka inarudia rudia kusoma palepale, we uko barabarani umekanyaga moto na mbele hamna kitu, barabara ni tope la kijivu lisilo na mchoro, ukuta haupo halafu ghafla upo na umeshauvaa. Hiyo ni loding, ila pedi iko mkononi, skrini haijawa nyeusi, saa inaenda. Utaitoaje? Huwezi. Ukianza kumpa mtu sekunde kwa sababu "barabara ilichelewa kuchorwa" umefungua soko la maneno, kila mtu atakuwa na barabara yake.

Hapo ndo wakaja watu wa fleshi. Siku hizi PS2 nyingi mtaani zinacheza bila CD kabisa, fundi anaweka Open PS2 Loader, magemu yanakaa kwenye fleshi, umeagana na lenzi. Mtaani kila mtu aliamini fleshi ni haraka kuliko CD. Sio hivyo. Matundu ya USB ya PS2 ni ya 1.1, megabiti 12 kwa sekunde, yaani kwa makaratasi megabaiti moja na nusu na kiuhalisia chini ya hapo. CD nzima kwenye lenzi nzima inaizidi fleshi mbali. Fleshi inaizidi lenzi mbovu tu, kwa sababu haikwami wala haikwaruziki. Ndo maana wa fleshi vikatuni vyao vinakatakata sauti, lakini wakiingia kwa kinyozi hawakai milele kama wa banda. Na kuna mmoja ana ile PS2 nene ya zamani yenye nafasi ya hadi disiki (hard disk) ndani, huyo ndo mfalme, barabara zinamsubiri yeye. PS2 nyembamba hazina hiyo nafasi.

Unaona? Gemu moja, mashine yenye jina moja, mji mmoja, na bado ni vitu vitatu tofauti. Kabla ya hapo tulidhani safu ni "PS2" na "kompyuta". Sasa ubao wetu una CD, fleshi, hadi disiki na kompyuta, kila moja na mshindi wake, na kila mbio ina namba mbili, ya saa ya ukutani na ya kutoa loding. Ya kutoa loding ndo inapanga nafasi, ya ukutani inabaki hapo watu waione.

Kuna kaka mmoja mwenye akili sana alishauri tutumie saa ya ndani ya gemu. San Andreas ina saa yake, dakika moja ya Los Santos ni sekunde moja ya kwetu, mashine ikiload saa hiyo inasimama yenyewe, kwanini tusumbuke? Nilimuelewa na wazo lilikuwa na heshima yake. Ila ile saa mtu akienda kusevu inaruka masaa sita papo hapo. Na kubwa zaidi ni hili ambalo watu hawalioni mpaka uwaonyeshe: saa ya ndani inapendelea mashine dhaifu.

Tulilionyesha kwa PCSX2, ile emyuleta ya kucheza magemu ya PS2 kwenye kompyuta. Laptop yenye nguvu inakimbiza gemu kwa asilimia 100. Laptop choka inakimbiza kwa 80. Kwa 80 kila kitu kinakuwa kizito kidogo, magari yanakuja polepole, kona unaziona mapema, polisi kama wana usingizi, na saa ya ndani nayo ni nzito vilevile kwa hiyo haikudai chochote. Mchezaji anapata slomo ya bure. Kwa saa ya ukutani huyo ataumia, kwa saa ya ndani atashinda. Tulimkalisha mchezaji mmoja wa kawaida kwenye laptop choka, akapita kona ya baiskeli ambayo siku zote inamuangusha, akapita kila mara, na wote mle ndani tukaelewa bila mtu kuhutubia. Kila saa ina mtu inayembeba na mtu inayemuonea. Ukichagua saa, jua unambeba nani.

Kwahiyo kwa emyuleta tuna masharti makali, na sioni aibu kuyatetea. Ile maandishi ya asilimia ya spidi iwe kwenye skrini muda wote na isishuke wala kupanda. Fast CDVD izimwe, maana hiyo inafanya usomaji wa diski uwe wa haraka kuliko PS2 yenyewe. "Speed hacks" nyingine zote, zile njia za mkato za kuiongezea emyuleta kasi, zizimwe. Video ianze kwenye ukurasa wa setingi kabla ya gemu kufunguliwa, tuone. Mtu asiguse Tab, ndo kitufe cha turbo. Na hata baada ya hayo yote emyuleta inakaa safu yake, sio ya PS2. Na wenye gemu halisi la kompyuta, ile frame limiter, inayozuia fremu zisipande kupita kiasi, iwe imewashwa. Ukiizima fremu zinapanda na fizikia ya gemu inabadilika, CJ mpaka kuogelea kunakuwa kwa kusuasua, maana vitu vingine mle vimefungwa kwenye fremu na sio kwenye sekunde.

Hilo la fremu sio la gemu la zamani tu. Resident Evil 2 ile iliyotengenezwa upya mwaka 2019, wachezaji waligundua kisu kinaumiza zaidi fremu zikiwa nyingi kwa sekunde. Mwenye kompyuta ya gharama kisu chake kikali zaidi! Wakatenganisha wa fremu 60 na wa 120. Hawakusema "tutakadiria". Walitenganisha.

Kukadiria ndo adui yangu. Kila msimu anatokea mtu na kalkuleta: "Tuchukue muda wa fleshi tuzidishe kwa kitu fulani tupate wa CD." Najua wazo linatoka wapi. Zamani kulikuwa na magemu ya PAL, mfumo wa TV wetu huku wa picha 50 kwa sekunde, wakati Marekani na Japani ni NTSC, ya 60. Mengi yalihamishwa bila kurekebishwa, yakawa yanaenda taratibu. Sonic ya kwanza ya 1991 kwenye Mega Drive ya PAL mpaka muziki wake ni mzito. Hapo hesabu inakubali, gemu zima limepungua kwa uwiano mmoja, dakika 10 za kule ni dakika 12 za huku, unazidisha kwa tano juu ya sita unapata. Na hata hivyo wachezaji wa Super Mario Kart waliamua kuwa na orodha mbili, ya PAL na ya NTSC, maana polepole inabadilisha na mikono pia, ni ileile slomo ya laptop choka. Sasa kama penye uwiano safi watu wametenganisha, we na lenzi inayokwama leo hapa kesho pale unazidisha kwa nini?

Ninaloliheshimu kuliko yote ni Doom ya 1993. Ile ilihesabu kila kitu kwa mapigo 35 kwa sekunde, na rekodi ya mchezo ni orodha ya vitufe ulivyobonyeza kila pigo, kwahiyo muda wa ramani unatoka kwenye mapigo yenyewe. Ukishamaliza, mtu mwingine na kompyuta nyingine anaichezesha rekodi yako na namba inatoka ileile. Waliotengeneza gemu wakifikiria saa mapema, sisi huku hatugombani.

Nirudi kwenye pesa, maana hili linanigusa. Kwenye Ocarina of Time, gemu la Nintendo, wachezaji walifika hadi kutafuta iQue Player, kile kimashine cha China cha 2003, kwa sababu maandishi ya Kichina yanapita haraka na mashine yenyewe haikwami sana. Siwalaumu, kanuni zao ziliruhusu na kila mtu alijua. Ila mi nilikaa nikafikiria banda letu. Dogo analipa jero, na lenzi ikikwama ile jero inaendelea kuliwa. Mzee mwenye banda nilimwendea, shikamoo mzee, nikamueleza, akasikiliza mpaka mwisho akasema, "Mwanangu, kwani mtoto ananunua muda wa kucheza au muda wa kungoja?" Akaita fundi, lenzi ikabadilishwa, na siku za mazoezi ya shindano analipisha kwa raundi, sio kwa dakika. Hakuna aliyemlazimisha. Kwangu hiyo ni sehemu ya kupima muda kwa haki kama ilivyo kuhesabu fremu, maana anayelipia kila dakika anafanya mazoezi machache kuliko mwenye laptop kitandani, na hiyo tofauti hakuna LiveSplit ya kuitoa.

Fainali tunafanya mashine moja. PS2 ileile, CD ileile, TV ileile, kinachobadilika ni pedi, kila mtu anakuja na yake. Ni njia nzuri kuliko kanuni zote nilizoandika hapo juu kwa sababu hamna cha kutoa wala kuongeza. Umeme ukikatika mbio inarudiwa toka mwanzo na wote wanapata mapumziko sawa. Lakini haiondoi kila kitu. Waliozoea kompyuta wanageuza kamera kwa mausi, ukiwapa pedi mkono unakuwa mgeni, nao wana haki ya kusema fainali imeegemea upande mmoja. Tumejaribu fainali ya mikondo miwili, kila mtu anacheza PS2 na kompyuta, tunajumlisha. Ilichosha watu na iliisha usiku sana, ila hakuna aliyeondoka na kinyongo, na mi naitaka irudi.

Sasa hivi hoja iliyoko mezani ni simu. Toleo la Android lina checkpoint katikati ya misheni, ukifeli unaendelea palepale badala ya kurudi mwanzo, kitu ambacho PS2 haina. Kuna watu wanasema kama hujafeli checkpoint haikukusaidia, ichanganywe na wengine. Sikubali. Kujua kwamba ukianguka unarudi hapohapo kunakupa moyo wa kuhatarisha kona ambayo mwenzio wa CD anaipita kwa adabu, na huo moyo hauonekani kwenye video. Halafu simu ikipata joto inapunguza nguvu yenyewe katikati ya mbio, na hamna asilimia kwenye skrini ya kukuambia. Kwa simu: safu yake, rekoda ya skrini ya simu yenyewe sio kamera ya simu nyingine, setingi zionekane mwanzo, chaja isichomekwe kwa wote au ichomekwe kwa wote (hapa hatujaelewana bado), na jina la simu liandikwe pembeni ya muda. Kijana mmoja wa Pangani ametuma juzi, faili zima, setingi zote zinaonekana, dada amekaa nalo jioni nzima, limetoka 13:58 baada ya kutoa loding. Ndo namba ya kwanza kwenye safu ya simu, na kuna madogo watatu Ngamiani wameshaanza kuifukuzia.